Ndoo ya Bardane

Mwanamke aliyebisha mlango wetu Jumamosi ile asubuhi hakualikwa na mtu yeyote, na koti lake la sufu lilikuwa limejaa miiba ya bardane kuanzia magotini hadi kwenye kola. Alikuwa anahema. Lifti ya jengo letu hapa Laeken, Brussels, huharibika kila baridi inapoanza, na sisi tunakaa ghorofa ya tano.

"Bonjour," alisema. Kisha akamwona shangazi yangu, Tantine Antoinette, nyuma yangu, akavuta pumzi, akaanza Kifaransa cha polepole, neno moja moja, kwa sauti ya juu, jinsi watu wanavyosema na mbwa wa jirani. "Mimi. Ninaitwa. Nele. Nimekuona. Wewe. Unachimba. Mizizi. Pale kwenye reli."

Tantine wangu alikuwa katibu muhtasi wa kampuni moja ya migodi Lubumbashi tangu ujana wake hadi kampuni ilipoacha kulipa watu. Aliandika kwa Kifaransa barua za wakurugenzi ambao wenyewe hawakuweza kuandika sentensi moja bila kujikwaa. Alimtazama mgeni, kuanzia viatu vyenye matope hadi nywele, akanigeukia mimi.

"Hadassa, huyu muzungu anatafuta nini?"

"Anasema alikuona uko nachimba mizizi, tantine."

"Nani alimutuma anichungulie? Eko polisi?"

"Sizani."

"Alors, umuulize kama eko polisi."

Nikamuuliza. Nele akacheka, akaweka mkono kifuani, akasema hapana, hapana, yeye ni rafiki wa mimea. Tantine alisikia kila neno, lakini akanisubiri nitafsiri. Nikatafsiri. Tangu dakika ile, machoni pa Nele, Tantine Antoinette akawa mwanamke asiyejua Kifaransa, na Tantine hakuona sababu ya kumsahihisha mtu aliyepanda ghorofa tano kuja kumfokea mlangoni kwake.

Niseme kwanza bardane ni nini, maana kwetu Katanga haimei, na sijawahi kusikia mtu akiitaja kwa jina la Kiswahili. Ni gugu la Ulaya. Mwaka wa kwanza hutoa majani tu, mapana kama sinia, yenye rangi ya majivu upande wa chini, na ardhini huficha mzizi mmoja mwembamba wa kahawia ambao ukiufuata kwa jembe unaweza kupita urefu wa mkono wako. Mwaka wa pili hurefuka na kuchanua maua ya zambarau. Maua yakikauka hugeuka vichwa vya miiba yenye ndoano ndogo, vinavyoshika manyoya ya mbwa, soksi za watoto na makoti ya akina Nele. Wa kuliwa ni mzizi wa mwaka wa kwanza. Ukichelewa, unatafuna kuni. Lakini ukiuchimba kwa wakati wake, ukaumenya, ukaukata vipande vyembamba kama njiti za kiberiti na kuukaanga kwa mafuta kidogo pamoja na karoti, una ladha ya ardhi iliyonyeshewa na utamu unaokuja baadaye, ukishameza. Wajapani wanaulima mashambani kama sisi tunavyolima karanga.

Naipenda bardane. Nimesomea kilimo chuo kikuu hapa Brussels, na nilipopata shahada niliamini kwamba jiji likijifunza kula kinachomea kando ya reli zake, litajifunza pia kutowadharau watu wanaoishi kando ya reli hizo. Bado naamini. Ila sasa nawajua wale wanaotangulia kukaa mezani.

Tantine hakuipata bardane kwa mababu. Alifundishwa na Madame Irma, bibi wa Kiflamandi wa ghorofa ya kwanza, siku alipomkuta ameshikilia ukuta wa ngazi kwa sababu ya magoti. Irma alimwambia jani lipashwe moto, lifungwe gotini. Mzizi uchemshwe, na maji yake yanywewe kwa ajili ya majipu, ngozi inayowasha, mkojo usiotoka vizuri, na damu chafu. Ndivyo mama yake alivyofanya kijijini kwao. Kuhusu mkojo, huenda Irma anasema kweli. Hayo mengine ni imani ya Irma zaidi kuliko sayansi, lakini Irma na Tantine wakikaa jikoni na jani la moto magotini, wanacheka kama wasichana, na hiyo nayo ni dawa.

Kitu kimoja tu Tantine alikiongeza mwenyewe, na kilikuwa kosa. Mtu wa Katanga akipewa mzizi asioujua, wenye ganda chungu, haulizi maswali: anaulobeka. Muhogo mchungu una sumu, kwa hiyo unalowekwa siku tatu mpaka ulainike na sumu itoke. Tantine ni mtoto wa mjini, mzaliwa wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, hajawahi kushika jembe kabla ya kufika Ulaya. Muhogo wake alikuwa akiununua sokoni ukiwa tayari ni unga. Lakini kulobeka aliona kwa nyanya yake, na kile alichokiona kwa nyanya yake hakishindani na shahada yangu. Akaimenya bardane, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaifunika na sahani, akaiweka kibarazani. Bardane haina sumu ile. Ikikaa majini siku tatu haisafiki, inachacha tu. Inanuka kama viatu vya mpira wa miguu.

"Tantine, haina sumu," nilikuwa nikimwambia.

"Njo vile unasema. Siku utanizika, utasema nini?"

Basi asubuhi ile Nele alikuwa bado anang'oa miiba kwenye mikono ya koti lake, nami nikimsaidia kwa sababu nilimwonea huruma, mara pua yake ikageukia kibarazani. Akapita bila kuomba ruhusa. Akafunua sahani. Akainama juu ya ndoo, akafumba macho.

"Imechachushwa!" alisema kwa sauti ya mtu aliye kanisani. "Siku ngapi? Hii ni hekima ya mababu. Hii sisi tumeipoteza kabisa."

"Anasema ni hekima ya mababu," nikatafsiri.

"Babu ya nani?"

"Yako, tantine."

"Babu yangu alikuwa machiniste wa treni. Umwambie."

Nikamwambia Nele kwamba babu yake Tantine alikuwa dereva wa treni. Nele akatikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba nimemwambia alinyang'anywa ardhi, na akanishika bega.

Ilibainika kwamba yeye na mwenzake Maarten, mpishi, walikuwa na chama kinachoandaa chakula cha mimea ya porini kwa watu wa ofisi za Umoja wa Ulaya. Hakukiita chakula. Alikiita "kukutana na ardhi." Aliponiuliza mimi nafanya nini, nikasema nimemaliza kilimo, alifungua mdomo na mikono kwa pamoja. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuendesha mradi mpya wa bustani za mitaa! Mtu mwenye shahada, na mwenye, akatafuta neno, "mwenye asili." Bwana Edmond, anayeongoza mfuko unaowasaidia, angekuja kwenye chakula cha Alhamisi, na yeye ndiye mwenye kuamua. Nimpeleke Tantine. Na ndoo.

Sitajifanya nilimcheka. Serikali ya hapa humpa mgeni aliyehitimu muda wa kutafuta kazi, na muda wangu ulikuwa unaisha Krismasi. Bila mkataba, ningerudi Lubumbashi. Kwetu si jehanamu, ni kwetu. Lakini Tantine angebaki peke yake na magoti yake kwenye ghorofa ya tano. Na bustani za mitaa ndicho kitu nilichokuwa nimekiota tangu mwaka wa kwanza chuoni: mama wa Kikongo, baba wa Kimoroko na bibi kama Irma wakipalilia tuta moja. Kazi hiyo ilikuwa imeandikwa jina langu, ila ufunguo wake ulikuwa kwa watu waliofumba macho juu ya ndoo inayonuka.

Nele alipoondoka Tantine alifungua madirisha yote.

"Siendi," alisema. "Nikakae mbele ya bazungu na ndoo, sawa mulozi?"

"Ni kazi, tantine."

"Kazi yako ni ndoo?"

"Kazi ni bustani. Ndoo ni ya kuingilia tu."

Aliosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Mwishowe akajifuta mikono.

"Bon. Nitaenda juu yako. Lakini unisikilize muzuri. Pale nitasema 'twende', tunaenda. Hapana 'tantine ngoja kiloko, kidogo tu'. Hapana 'encore cinq minutes', ile dakika tano yenu. Hata kama uko nakula. Hata kama uko nazungumuza na mfalme wa Ubelgiji mwenyewe."

"Sawa."

"Hapana sawa. Uniahidi. Ju ku arusi ya Précieuse ulisema 'sawa', na tantine yako alilala pa kiti na kofia yake, anakungojea."

"Naahidi, tantine."

Usiku ule nikaandika wazo langu la bustani, nikamtumia Nele. Chakula cha Alhamisi kilikuwa kwenye ukumbi wa chini wa jengo moja la vioo, hatua chache kutoka metro ya Schuman, katika mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya. Wageni walifika moja kwa moja kutoka ofisini, vitambulisho vikiwa bado vinaning'inia shingoni, kwa sababu mtu wa mtaa ule akivua kitambulisho hajui tena yeye ni nani. Walibusiana mashavu. Walisema wamechoka sana, kwa fahari. Juu ya meza ndefu Maarten alikuwa amemwaga udongo. Udongo wa kweli, konzi kwa konzi, na katikati yake akasimamisha mizizi ya bardane kama mishumaa.

"Hii takataka atafagia nani?" Tantine akauliza. Halafu akajijibu: "Bamama ya nettoyage."

Alikuja amevaa suti ya buluu iliyokolea, sketi na koti, na bruchi kifuani: vazi lake la ofisini. Nele alipomwona uso wake ulishuka.

"Ah," alisema. "Hana kitu... cha kwao?"

Nikatafsiri.

"Umwambie hii tailleur ni ya kwetu. Fundi Rigobert aliishona kule Lubumbashi, na hakuna mutu hapa anavaa ya muzuri kuipita."

Ilikuwa kweli. Nele akaenda kuleta kitenge kutoka kwenye begi, maana alikuwa amejiandaa kwa hatari hiyo, akajaribu kukitandaza mabegani pa Tantine. Tantine akakichukua kwa vidole viwili, akakikunja vizuri katika pembe nne, akamrudishia.

Mahali pake hapakuwa mezani. Palikuwa kando ya meza, kwenye kigoda, ndoo mbele yake, taa moja ikimmulika kutoka juu. Kigoda, kwa magoti yale! Nikaleta kiti. Nele akanong'ona kwamba picha haitatoka vizuri. Nikamwambia basi haitatoka vizuri. Huo ndio ujasiri wote niliokuwa nao saa ile. Baadaye nikamtabasamia ili asinichukie.

Maarten alitokea na sahani za mawe. Ana ndevu nyingi na tatuu ya karoti mkononi, na husema kuhusu mboga kama wengine wanavyosema kuhusu marehemu. Alikuwa amechukua bardane iliyochacha ya ndoo ile, akaisaga, akaipuliza, akaifanya povu. Povu la kijivu juu ya jiwe jeusi. Mwenye kitambulisho cha kwanza akalamba, akatulia, akasema linazungumza. Wa pili akasema lina kumbukumbu. Mmoja akasema "ukweli", basi, neno hilo tu, na wenzake wakatikisa vichwa. Ile bardane yenyewe, nzuri, tamu, ambayo ingetosha kumenywa na kukaangwa, hakuna aliyeionja usiku ule. Walikula kosa la katibu muhtasi wa Kamalondo, wakaliita Afrika.

Nele akagonga bilauri.

"Rafiki zangu. Mama Antoinette ni mganga kutoka misitu ya Katanga. Mmea huu ni wa mababu zake. Kwa vizazi na vizazi wameuchimba, wameuchachusha, wamejiponya nao." Akanigeukia. "Hadassa, mwambie atueleze mmea huu unamwambia nini."

Tantine akanitazama.

"Uwaambie niko na njaa, na hii kintu inanuka."

"Anasema," nikaanza, "anasema harufu yake ni kali."

Wakapiga makofi.

Hapo ndipo akasimama mzee mmoja mwekundu, mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri. Sikuhitaji kuambiwa. Kila mtu alikuwa amemgeukia kabla hajafungua mdomo.

"Jambo mama!" Bwana Edmond alisema. "Habari gani! Lete maji moto!"

Alieleza kwa Kifaransa kwamba alizaliwa Likasi, huko Katanga, na kuondoka akiwa mtoto, na kwamba Kiswahili hajakisahau. Kweli hakukisahau: alikuwa nacho chote alichohitaji wakati ule, salamu na amri. Kisha akaokota mzizi mmoja mezani, akaushika kwa mikono miwili.

"Boyi wetu alikuwa akiichimba hii nyuma ya nyumba," alisema. "Naiona. Majani makubwa. Mama yangu alikuwa akituogesha kwa maji yake tukipata upele." Machozi yakamtoka, machozi ya kweli, na jirani zake wakamshika mkono.

Bardane haijawahi kumea nyuma ya nyumba yoyote Likasi.

"Muzee analia nini?" Tantine akauliza chini kwa chini.

"Anakumbuka bardane ya Likasi."

"Bardane? Likasi?"

"Njo vile anasema."

"Eh!" Tantine akavuta midomo. "Bazungu banajua kukumbuka."

Sahani ya tatu ilipopita, kitu nilichokuwa nimekitazamia kikaanza. Wanga wa bardane si kama wa muhogo; tumbo haliwezi kuusaga, unashuka mzima hadi kwenye utumbo mpana, na vijidudu vya huko vinaushangilia kwa kutoa hewa. Meza yote ilianza kuegemea kalio moja, kisha jingine. Mtu alikohoa kwa nguvu bila kuwa na kikohozi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akieleza sera ya udongo wa Ulaya alisita katikati ya neno, akatazama dari, akaendelea kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyetaja chochote. Watu wale wangeweza kupasuka, lakini wangepasuka kwa heshima.

Na katikati ya hayo mwanamke mmoja akaondoka kwenye kiti chake, akaja hadi kwa Tantine. Alikuwa mwembamba, mikono yake imebabuka na kupasuka vidoleni. Hakuwa anaigiza. Katika ukumbi ule wote, ndiye pekee niliyeshindwa kumdharau.

"Samahani," aliniambia kwa sauti ndogo. "Nina ugonjwa wa sukari. Vidonge vinanichosha, vinaniumiza tumbo. Ningependa kujua... huu mzizi, kama ningeutumia vizuri, kila siku, ningeweza kuviacha?"

"Madame," nikaanza, "kuna utafiti kidogo, lakini..."

"Hapana, hapana, Hadassa," Nele akanikatiza, mkono begani pangu, tabasamu likielekezwa kwa Bwana Edmond. "Si maneno yako ya chuo. Maneno yake. Kule kwao wameishi miaka elfu bila kidonge hata kimoja. Muulize mama."

Hata kiti hakikulia. Bwana Edmond alikuwa ameinua kidevu kunitazama, na nilijua kwamba kazi yangu ilikuwa imening'inia pale, kwenye jibu ambalo lingekuwa zuri masikioni mwao. Nikamgeukia Tantine ili nimuulize kwa Kiswahili swali ambalo alikuwa ameshalisikia.

Hakunisubiri. Alikunja leso yake, akaiweka mapajani, akazungumza Kifaransa. Kifaransa cha barua za wakurugenzi, kila kitenzi mahali pake.

"Madame, nakuomba usiache vidonge vyako. Mume wangu alikuwa na ugonjwa huohuo. Mchungaji mmoja alimwambia vidonge ni ukosefu wa imani, akampa mizizi ya kuchemsha, na mume wangu akavitupa vyake chooni bila kuniambia. Nilimzika msimu wa kiangazi. Mwambie daktari wako kwamba tumbo linakuuma; atakubadilishia. Kuhusu mmea huu, nilifundishwa na jirani yangu, Madame Irma, ambaye ni Mflamandi. Babu zangu hawakuwahi kuuona. Na hiki mnachokula kimeharibika. Nilikiloweka kama muhogo. Mpwa wangu aliniambia haifai, lakini mimi nina kichwa kigumu."

Sijui nilitarajia nini. Aibu, nadhani. Nilikuwa bado mtoto kiasi cha kutarajia aibu.

Bwana Edmond ndiye aliyeanza kupiga makofi. "Ajabu!" alisema. "Ajabu kabisa! Huo ndio ukweli wenyewe!" Na meza nzima ikamfuata, vitambulisho vikirukaruka vifuani, na Nele, aliyekuwa ameiva usoni, akaona upepo umegeukia wapi, akacheka na kusema mnaona, mnaona jinsi walivyo na ucheshi. Maarten akainamisha kichwa kwa Tantine kama mpishi kwa mpishi. Mume aliyekufa walimmeza pamoja na povu. Wangeweza kumeza chochote.

Mwanamke mwenye mikono iliyobabuka hakupiga makofi. Alimshika Tantine mkono, akaushikilia kidogo, kisha akaenda kuchukua mkoba wake na kuondoka bila kumuaga mwingine.

Tantine naye akasimama, akaanza kwenda taratibu kwenye makoti, akishika viti vya watu njiani kwa ajili ya magoti. Nilitaka kumfuata, lakini Bwana Edmond alikuwa ameshanifikia.

"Mademoiselle, kaa," alisema, akinivutia kiti. Alikaribia kuwa mpole. "Nele ameniambia habari zako. Kilimo, siyo? Na bustani. Nimesoma wazo lako alilonitumia. Ni zuri, ni zuri sana, ni la mtu anayejua udongo. Nina dakika tano kabla ya treni yangu. Nampigia simu katibu wa mfuko sasa hivi, unamweleza mwenyewe, tunamaliza. Orodha ya watu tunaifunga leo."

Na alikuwa mkweli. Hilo ndilo nililolichukia zaidi. Alikuwa ametoa simu, kidole kilikuwa juu ya jina, na nikaona yote kwa pamoja: tuta nyuma ya jengo letu, Irma na Tantine juu ya viti vya bustani wakibishana juu ya kuloweka, ubao wenye picha za majani ili watu wajue lipi linaliwa na lipi linaua. Nilijiambia ningewabadilisha kutoka ndani. Nilijiambia kwamba pesa zao zingeota mboga hata kama wao wenyewe hawakuota akili.

"Hadassa," sauti ya Tantine ikasema kutoka mlangoni. "Twende."

Haikuwa sauti ya hasira. Hakuipandisha. Muziki ulikuwa umeanza tena na watu walikuwa wanacheka. Ningeweza kabisa kutosikia, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunithibitishia kwamba nilisikia.

Ila Bwana Edmond alisikia. "Mama, ngoja kiloko!" akamwitia kwa furaha, kwa kile Kiswahili chake, na akanikonyeza.

Tantine hakumjibu. Hakunitazama hata mimi. Alikuwa anafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu.

"Monsieur, tunaweza kuongea kesho?" nikauliza. "Asubuhi na mapema, saa yoyote."

"Kesho niko Luxembourg, mtoto wangu. Na nimekwambia, orodha inafungwa leo. Kuna kijana mwingine, mzuri pia." Akatazama saa. "Ni dakika tano tu."

"Nimemwahidi tantine wangu kumpeleka nyumbani."

Akacheka, bila ubaya. "Lakini yuko pale! Kuna viti. Si anaweza kusubiri?"

Angeweza. Viti vilikuwepo, na magoti yake yangevumilia dakika tano, na pengine angenisamehe kabla hatujafika metro. Lakini sikuwa nimemwahidi kwamba tutaondoka akishindwa kusubiri. Nilikuwa nimemwahidi kwamba akisema twende, tunaenda.

"Asante, Monsieur Edmond," nikasema. "Safari njema."

Nele aliniita jina langu mara mbili nyuma yangu. Nilichukua koti langu kwenye kulabu, nikampa Tantine mkono wangu aushike upande wa goti linalomsumbua zaidi, nikasukuma mlango wa kioo kwa bega, na tukatoka.